Wanafunzi Wanamshukuru Mwalimu, Lakini Anayewajibu ni Mimi

Shangazi, shikamoo.

Nimekaa na jambo hili tangu Machi na sasa limeanza kuninyima usingizi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Busia. Nafanya kazi katika chuo kimoja cha ualimu mashariki mwa Uganda, chuo cha watu binafsi. Naomba usiutaje mji, maana huku tunajuana sote.

Kazi yangu ni kuwasaidia wakufunzi kuzigeuza kozi zao za darasani ziweze kufundishwa mtandaoni. Wanafunzi wetu wengi ni walimu ambao tayari wako kazini. Tangu mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020 na Kiswahili kikawa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, shule nyingi zinatafuta mtu wa kulifundisha, na anayepatikana mara nyingi ni mwalimu wa historia au wa dini aliyeokota Kiswahili chake sokoni. Hao ndio wanaokuja kwetu. Wako Kasese, Arua, Moroto, Soroti. Hawawezi kuacha vipindi vyao waje kukaa darasani miezi minne, kwa hiyo semista husomwa kwenye Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, halafu likizo ikifika wanakuja chuoni kwa wiki mbili.

Kati ya wakufunzi ninaowahudumia yuko mzee mmoja wa miaka 63, anayefundisha Fasihi Simulizi. Nitamwita Mwalimu tu, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita hata ana kwa ana. Alinifundisha mimi mwenyewe. Mwaka 2016 karo yangu ilipungua, na asubuhi ya mtihani nikazuiwa mlangoni. Mwalimu aliacha chai yake, akaenda kwa mhasibu, akaandika kwa mkono wake kwamba deni lile ni lake mpaka nitakapolipa. Nilikaa kwenye mtihani siku ile kwa saini yake. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo unaweza kuelewa alivyo kwangu.

Februari ofisi ilitoa orodha. Kila kozi iwe na maandishi ya kila wiki, mijadala mitatu, majaribio mawili na video moja, vyote viwe vimepandishwa kabla semista haijafunguliwa. Nilimfuata Mwalimu mara nne. Mara ya kwanza sikumkuta. Mara ya pili alisema ana wageni. Mara ya tatu aliniangalia akaniuliza, "Binti yangu, sasa nitege kitendawili mbele ya ukuta?" Mara ya nne alinipa madaftari yake matatu ya zamani na kikaratasi chenye nywila yake. Akasema, "Wewe unazijua hizi kompyuta. Fanya."

Nikafanya. Nilichapa madaftari yale usiku kucha, nikayapanga wiki kwa wiki, nikatunga maswali. Semista ilipoanza nilitarajia ataingia. Hakuingia. Wanafunzi wakaanza kuuliza maswali na kimya kile kiliniuma, kwa hiyo nikaingia kwa nywila yake nikaandika, "Asante kwa swali lako, nitalijibu kesho." Kesho yake nikalijibu. Tangu hapo sijaacha. Zilipokuja insha 46, nilizisahihisha kwa kufuata mwongozo wake wa zamani, nikampelekea alama. Alizitazama, akatikisa kichwa, akatia saini.

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja, mwalimu kule Kasese, aliandika kwamba jibu la Mwalimu kuhusu nyimbo za kazi limebadilisha namna anavyofundisha, na kwamba anamwombea maisha marefu. Jibu lile niliandika mimi, saa nne usiku, umeme umekatika, simu ikiwa na asilimia tisa. Nililia, Shangazi, na sijui nililia kwa furaha au kwa aibu.

Hapo hapo ofisi ikatangaza kwamba kozi ya Mwalimu ndiyo iliyokamilika kuliko zote. Baada ya wiki tatu atasimama mbele ya wakufunzi wenzake kuwaonyesha alivyoigeuza. Ameniita akaniambia nimtengenezee slaidi na nikae karibu naye nibonyeze.

Ukweli mwingine nisiufiche: mkataba wangu unakwisha Desemba, na utahuishwa kwa kuangalia idadi ya kozi zilizokamilika. Nina kozi 14. Hii ya Mwalimu ndiyo inayong'aa.

Nikimwambia mkuu wa idara, nitakuwa nimemvua nguo mzee aliyenivisha. Nikinyamaza, nitakuwa mwalimu wa watu 46 wasionijua, na wakufunzi wengine watafundishwa jambo ambalo halikutokea. Tatizo ni kwamba anaiogopa kompyuta na umri umekwenda. Anachoweza ni kutuma sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha sisi wanafunzi wake wa zamani: kila Ijumaa usiku kitendawili kimoja, na watu wanakesha wakijibu. Zaidi ya hapo, basi.

Nifanyeje?

Mwenye nywila mbili, mashariki mwa Uganda

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali tofauti, kwa hiyo nitakujibu nikifuata vituo hivyo.

Kwanza niseme ninavyoielewa hali yako, unisahihishe nikikosea. Una mzee unayemheshimu kama baba. Ulipewa kazi ya kumsaidia aigeuze kozi yake. Kidogo kidogo, bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua hivyo, ukawa wewe ndiye mwenye kozi. Unaandika kwa jina lake, umetoa alama zilizosainiwa kwa jina lake, na sasa sifa zimemfikia yeye na kivuli chake kimekuangukia wewe. Unamwogopea yeye, unawahurumia wanafunzi, na una wasiwasi na Desemba. Hayo matatu yamefungwa kwenye kamba moja, ndiyo maana kila ukivuta upande mmoja, mwingine unakaza.

Umesema Mwalimu anaiogopa kompyuta. Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu barua yako yenyewe inapinga. Mtu anayerekodi sauti yake kila Ijumaa, akaituma kwa watu waliotawanyika nchi nzima, wakakesha wakijibu, huyo tayari anafundisha mtandaoni. Umeyaandika hayo mwishoni kama jambo dogo. Mimi naona ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Halafu kuna lile swali lake la ukuta. Wewe ulilisikia kama mzee anayekataa. Mimi nimefundisha walimu miaka mingi kabla ya kuanza safu hii, na nililisikia kama swali la mtu anayeijua kazi yake barabara. Kitendawili kina watu wawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", mwingine anajibu "Tega!" Anatega: nyumba yangu haina mlango. Wanaobahatisha wanabahatisha, wakishindwa, mtegaji anaomba mji, anapewa, anakwenda zake huko, ndipo anatoa jibu. Ondoa anayejibu, ubaki na orodha ya mafumbo na majibu yake kwenye ukurasa. Ule ndio ukuta. Sasa niambie, kwenye ile orodha ya ofisi, maandishi, mijadala mitatu, majaribio mawili na video, ni wapi anaposimama yule wa kusema "Tega!"? Mwalimu aliuliza swali la kitaalamu na hakuna aliyemjibu. Labda hata wewe, kwa haraka ya kukamilisha, ulimpita.

Sikulaumu. Wengi wetu tulianza vibaya na jambo hili, na tunajua ni kwa nini. Machi 2020 milango ilifungwa kwa ajili ya korona, na shule za Uganda hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Katikati hapo kila mwalimu alishika alichokuwa nacho. Mimi nilipiga picha kurasa za daftari langu, nikazituma kwa simu, nikaamini nimefundisha. Mwezi huo huo wa Machi 2020 wataalamu wa Marekani, Charles Hodges na wenzake, waliandika kwamba ufundishaji wa dharura kwa mbali usichanganywe na kozi ya mtandaoni iliyopangwa tangu mwanzo. Ule wa kwanza ni mwavuli wakati wa mvua. Wa pili ni nyumba inayojengwa kwa mpango. Vyuo vyetu vingi viliuchukua mwavuli vikauita nyumba, na orodha kama ile ya ofisi yenu imezaliwa huko: inahesabu vilivyopandishwa, haiulizi wanafunzi wanafanya nini.

Tena kusoma kwa mbali si kugeni kwetu. Makerere ilianza shahada za wanafunzi wa nje mwaka 1991, kabla wengi hawajaona barua pepe. Watu walisoma vitabu vilivyochapwa nyumbani kwao, kisha wakakusanyika kwa vipindi vya ana kwa ana. Wiki zenu mbili za likizo zinafanana sana na mpango ule. Michael G. Moore, aliyefundisha elimu ya masafa katika Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani, alishikilia kwamba umbali unaosumbua katika masomo si wa kilomita. Ni pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na hupunguzwa hasa na mazungumzo. Yule mwalimu wa Kasese aliyeandika shukrani alipata mazungumzo. Kwamba yalitoka kwako ni jambo la kushughulikia, lakini usilisahau hili: ulichofanya usiku ule kilikuwa ufundishaji wa kweli.

Sasa nikuulize la pili, na naliuliza kwa upendo. Umeandika kwamba umemsaidia. Je, Mwalimu amejua kitu chochote leo ambacho Februari hakukijua? Kumsaidia mkufunzi na kumfanyia ni barabara mbili zinazoanzia mlango mmoja, na mtu huwa hatambui ameshika ipi mpaka amekwenda mbali. Heshima pia ina mitego yake. Tunapomwona mzee tunampokea mzigo. Tumelelewa hivyo na ni vizuri. Lakini darasa la Mwalimu halikuwa mzigo kwake. Lilikuwa kiti chake. Huenda umempokea kiti ukidhani ni gunia.

Na lile la alama. Hapa naomba uniruhusu niwe mzito kidogo. Msaidizi kusahihisha kazi za wanafunzi si jambo baya. Hufanyika vyuoni duniani kote, kwa mwongozo, mwenye kozi akipitia na watu wakijua. Ugumu wenu ni kwamba wanafunzi hawajui, ofisi haijui, na mwenye saini hakusoma hata insha moja. Siku mmoja kati ya wale 46 akikata rufaa, Mwalimu atauliza insha hiyo ilisema nini na hatakuwa na la kujibu. Atakayeaibika siku hiyo ni yeye, hadharani, na wewe hutakuwa na nafasi ya kumkinga. Kwa hiyo ukifikiri kunyamaza kunamlinda, pima tena. Insha 46 kwa wiki tatu ni kama 15 kwa wiki, insha mbili au tatu kwa siku na kikombe cha chai. Unaweza kumchapia, ukampelekea, mkazipitia pamoja, akabadilisha alama anapoona umekosea. Hilo bado linawezekana, na huenda likawa rahisi kuliko yote mengine.

Kuhusu mkutano wa wiki tatu zijazo, naona njia kadhaa, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kutengeneza slaidi, ukabonyeza, mkutano ukaisha. Hakuna atakayekuuliza siku hiyo. Lakini wakufunzi wenzako watatoka pale wakiamini kwamba kozi hugeuzwa kwa kuchapa madaftari usiku, na kesho yake watapanga foleni mlangoni kwako na madaftari yao na vikaratasi vya nywila. Una kozi 14. Utaandika kwa majina mangapi? Na Mwalimu akiulizwa swali moja la kawaida, kwa mfano mjadala wa wiki ya tano uliendaje, atageuka kukutazama wewe.

Unaweza kwenda kwa mkuu wa idara. Kuna vyuo ambako hilo lingefaa, na kuna wakuu wa idara wanaoweza kulibeba jambo kwa hekima, wakarekebisha hata ile orodha. Wewe unamjua wa kwenu, mimi simjui. Ninachohofia ni mpangilio tu: Mwalimu akisikia habari hizi ofisini kabla ya kuzisikia kwako, jeraha litakalobaki halitahusu tena kozi. Na wewe pia umetumia nywila isiyo yako. Jiandae kuulizwa hilo, hata kama ulipewa.

Unaweza kumwendea yeye mwenyewe. Hii ndiyo ninayoiona ikichungulia katikati ya mistari ya barua yako, ingawa hukuiandika. Umezungumzia kumwambia mkuu wa idara na umezungumzia kunyamaza; kumwambia Mwalimu hukukutaja kabisa. Nilijiuliza kwa nini. Pengine unaogopa atasema, "Nilikuamini." Anaweza kusema hivyo. Anaweza pia kukasirika na kukufukuza, kisha siku ya mkutano akakataa kwenda, ofisi ikauliza. Hatari hiyo ipo. Lakini mtu aliyeacha chai yake kwenda kwa mhasibu mwaka 2016 hakuogopa kuweka jina lake penye deni la kweli. Nadhani angependa kujua jina lake sasa limewekwa wapi.

Ukiamua kwenda, nakushauri uache kompyuta nyumbani. Nenda na ile barua ya mwalimu wa Kasese, umsomee. Mwambie jibu lile aliliandika nani. Kisha mrudishie swali lake: "Mwalimu, uliniuliza kuhusu ukuta na sikukujibu. Darasani kwako, baada ya salamu, huwa kunatokea nini?" Halafu nyamaza umsikilize. Mwombe akusimulie kipindi kimoja tu kuanzia dakika ya kwanza: nani anaongea, nani anacheka, anajuaje kwamba wameelewa, hubadilisha nini akiona wamesinzia. Andika yote. Wenye kazi yako wanajua kwamba kozi nzuri ya mtandaoni huanzia kwenye anachofanya mwanafunzi, kisha ndipo hutafutwa kifaa. Madaftari yale matatu yana maneno ya Mwalimu. Kipindi chake hakimo humo.

Nikupe mfano wa kinachoweza kuzaliwa hapo, uupokee kama mfano tu. Wagawe wale 46 katika vikundi vya watu saba au wanane, kikundi cha Kasese, cha Arua, cha Soroti, kadiri wanavyokaa. Jumatatu Mwalimu anatuma sauti ya dakika tano. Anatega. Hatoi jibu. Kila kikundi kinabahatisha kwa sauti, na kikishindwa kinampa mji, mji wake wenyewe, pamoja na kisa kifupi cha mji huo. Katikati ya wiki kila mwanafunzi anamrekodi mzee mmoja wa kwao akitega kwa Lukonzo, Kilugbara au Ateso, kwa ridhaa ya mzee huyo, kisha anakifasiri kitendawili kile kwa Kiswahili na kueleza kilichopotea njiani. Ijumaa Mwalimu anasikiliza sauti chache, anajibu wote kwa sauti moja. Hachapi hata neno. Wewe unaipandisha sauti hiyo kwenye Moodle, waziwazi, kwa akaunti yako ya msaidizi.

Unaliona? Darasani Mwalimu asingeweza kumleta bibi wa Arua na babu wa Kasese wakae pamoja. Huku anaweza. Huenda hili ndilo litakalomgusa, maana mtu wa fasihi simulizi ukimwambia unamrahisishia kazi hatakusikia, ila ukimwambia utamletea wasimulizi arobaini atavuta kiti.

Na kuna faida ya mfukoni ambayo ofisi yenu inaweza kuielewa. Saa moja ya video ya moja kwa moja inaweza kumeza zaidi ya megabaiti 500. Dakika tano za sauti ya WhatsApp ni kama megabaiti moja. Tangu Julai 2021 bando letu linatozwa ushuru wa asilimia 12, juu ya kodi nyingine, na mwalimu wa Moroto analipa kutoka mshahara uleule. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Anayetegemea video ya moja kwa moja alikwama, aliyekwisha kupakua masomo yake kwenye programu ya Moodle ya simu aliendelea kusoma. Kwa hiyo lile sharti la video moja kwa kila kozi, muulize aliyeliweka lilikuwa kwa ajili ya nani. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Wewe ndiye mtaalamu wa jambo hili pale chuoni, na naona katika barua yako yote umejieleza kama karani wa orodha.

Hapo tunafika Desemba. Nakushukuru kwa kutoificha, wengi wangeificha. Mkataba wako unahesabu kozi, na kwa hesabu hiyo kozi ya Mwalimu ina thamani ikiwa imekamilika, haijalishi imekamilishwa na nani. Siwezi kukuambia uache chakula chako. Ninaloweza kukuuliza ni hili: je, kuna namna ya kuionyesha kazi yako halisi? Ulichapa madaftari matatu, ulijibu maswali ya watu 46, ulisahihisha, mwanafunzi amebadilika. Hivi sasa kazi hiyo yote imeandikwa kwa jina la mtu mwingine, na mkataba ukija kuangaliwa utaonekana umebonyeza tu. Mwalimu na wewe mkisimama pamoja siku ile mkasema, "Hivi ndivyo tulivyoanza, hapa tulikosea, na hivi ndivyo tunavyofanya sasa," inawezekana ofisi ikachukia. Inawezekana pia kwamba wakufunzi wengine, ambao nadhani wengi wao wana vikaratasi vyao vya nywila mahali, wakapumua kwa mara ya kwanza. Sijui lipi litatokea. Wewe unazijua nyuso zao.

Kama Mwalimu atasema hataki kabisa, kwamba amechoka na anataka kumaliza miaka yake kimya, lisikilize hilo pia. Ana haki ya kuchoka. Basi mazungumzo yatakuwa ya jinsi atakavyokukabidhi kozi hadharani, kwa idhini ya idara, yeye akibaki kuja zile wiki mbili za likizo kukaa na watu chini ya mti na kutega. Hakuna aibu katika kukabidhi. Wazee wetu walikabidhi ngoma kwa vijana waliowaona wanaweza kuipiga, na walikaa pembeni wakisahihisha mdundo.

Wewe binafsi, lala mapema wiki hii. Kuanzia usiku wa leo, swali jipya likija kwenye jukwaa, unaweza kulijibu kwa akaunti yako mwenyewe na kuandika kwamba wewe ni msaidizi wa kozi. Hilo halimfichui mtu wala halimngoji mtu akuruhusu, na huenda ukaona kifua kinapungua uzito kabla hata hujafika mlangoni kwa Mwalimu.

Ukishazungumza naye, niandikie. Nataka sana kujua alikujibu nini kuhusu ukuta.

Shangazi